Nani Atakata Majani ya Mwenye Haiko?

Maongezi ya mama mumoja wa kamati ya usafi kwenye mukutano mukubwa wa shirika letu, hapa Kinkondja. Tumeyaandika karibu jinsi aliyasema, ili wanachama wa Kamina, Bukama na Lubumbashi, wale wanaokaa Ulaya na Marekani, pamoja na wafazili wetu, wayasome pia.



Mwenye kuongoza mukutano amenipa nusu saa, na nitaongea juu ya majani. Nasikia kicheko kule nyuma. Mucheke tu, hakuna ubaya. Tuko na mambo makubwa: bei ya nyavu, watoto wanaofukuzwa ku masomo, maji ya Kisale yanayoingia mupaka ndani ya nyumba. Na huyu mama anasimama kutuongelea majani ya lupango! Lakini muulize katibu, atawaonyesha daftari. Yale matata ya mupaka, ya matusi, ya jirani kumupeleka jirani kwa shefu, ambayo tulijaribu kupatanisha ndani ya shirika, mengi yalianzia kwenye majani ambayo mutu hakukata. Kwa hiyo munisikilize kidogo.

Nitaanza na deni langu, juu niko na deni.

Sisi tuliondoka Kinkondja mwaka wa 2002, wakati wa vita. Wengi wenu munajua namna ilikuwa: usiku, mu mutumbwi, watoto wamelala juu ya vitunga vya samaki, kupanda Lualaba mupaka Bukama, kisha treni mupaka Kamina. Nyumba tuliifunga na kamba, juu hatukukuwa na kufuli. Tulisema tutarudi kisha mwezi mumoja. Tulirudi mwaka wa 2007, na bwana wangu hakurudi. Alibaki kwenye makaburi ya Kamina.

Niliposhuka kwenye kivuko, kitu nilichoogopa haikuwa njaa. Ilikuwa matete. Nilikuwa nimeona njiani malupango ya watu waliokimbia. Mvua ya mwaka wa kwanza, majani yanafika kwa magoti. Ya mwaka wa pili, yanafika kwa dirisha. Mwaka wa tano hauoni tena nyumba, unaona pori, na mutu mwenye kupita anasema: "Hapa hapana mwenyewe." Akisema vile mara moja, ni maneno. Watu kumi wakisema vile, inakuwa ukweli.

Nilitambua kwangu na muti wa maembe. Matete yalikuwa yamenipita kichwa. Lakini katikati ya matete kulikuwa njia. Njia ndogo, upana wa mutu mumoja, imekatwa safi, inatoka kwenye lupango ya jirani mupaka kwenye mulango wangu. Na mbele ya mulango, mahali pa kutandika mukeka mumoja, pamefagiwa.

Jirani yangu alikuwa mama-muzee. Yeye hakukimbia mbali. Alijificha na wavuvi kwenye visiwa vya mafunjo, vile vinavyoelea juu ya Kisale, na risasi zilipotulia akarudi kwake. Nilimuuliza: "Mama, njo weye ulikata hii njia?" Akanijibu: "Njo miye. Lupango yote siwezi, mugongo inakataa. Lakini nilisema, nikikata kanjia, mutu mwenye kupita atajua kama kuko mwenyewe."

Mengine niliyasikia kwa watu, yeye hakuniambia. Kulikuwa bwana mumoja aliyeenda kwa shefu kuomba lupango yangu. Alisema wenyewe walikufa wote. Shefu alikuja kuangalia na macho yake, akaona ile njia. Akasema: "Wafu hawakati majani. Muache." Batata, bamama, leo niko na nyumba, watoto wangu wako na mahali pa kusema "kwetu", juu ya njia yenye upana wa mutu mumoja.

Sasa tuongee waziwazi. Kuko mutu anayesema: "Lupango ni yangu, majani ni yangu, nikikata ao nisipokata inakuhusu nini?" Tuulize sheria. Sheria ya udongo ya Kongo, ile ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1973, inasema udongo ni mali ya Serikali. Mutu anapewa haki ya kuutumia, na yule anayepewa kiwanja anaombwa akitengeneze, asikiache pori. Hapa kwetu kijijini, ni shefu na wazee wanaokumbuka nani alikaa wapi, na wao hawaanzi na karatasi. Wanaangalia. Wanaangalia muti uliopandwa, kaburi, musingi wa nyumba, na majani. Na sisi watu wa kurudi, wangapi walirudi na karatasi? Zingine ziliungua, zingine zilianguka mu maji, zingine hazikuandikwa hata siku moja. Kwa mutu kama sisi, lupango iliyofagiwa njo karatasi yake.

Lakini najiuliza pia: hii haya tuliyo nayo juu ya majani ilitoka wapi? Bibi yangu, mama ya mama, alikuwa anafagia mbele jua halijatoka. Hakuacha hata jani moja. Alikuwa na sababu: udongo uliofagiwa jioni unaandika mambo ya usiku. Nyoka akipita, asubui unaona mustari wake. Mwizi akipita, unaona alama ya muguu wake. Hiyo ilikuwa akili ya wazee, haikutoka kwa mutu mwingine.

Kisha walikuja Wabelgiji, na ile desturi wakaifanya amri. Wazee walitueleza jinsi mukubwa alipita mu vijiji kuangalia nyumba, choo na majani, na mwenye lupango chafu aliandikwa jina. Kule Lubumbashi na Likasi, kwenye kambi za wafanyakazi wa Union Minière, hata usafi wa nyumba ya mufanyakazi ulikuwa na watu wa kuuangalia. Lakini kwenye mitaa ya Wazungu wenyewe kulikuwa nini? Majani! Gazoni, majani ya kupandwa kwa makusudi na kumwangiwa maji, yenye kukatwa na boyi. Mutoto alijiuliza: kwetu majani ni uchafu, kwao majani ni uzuri, na mwenye kuyakata pande zote mbili ni tata yangu.

Kisha Wabelgiji, ikaja salongo ya Mobutu, miaka ya 1970. Wenye nywele nyeupe hapa munakumbuka. Kila juma kutoka na jembe na kupekupe kwa kazi ya wote, na usipotoka utaona. Kazi ilikuwa ya maana, njia zilikuwa safi. Lakini ilikuwa kazi ya kuogopa, na mutu aliyezoea kukata majani juu ya woga, siku woga unaisha anatupa kupekupe. Njo maana leo tukisema "usafi", mutu anafikiri tunamutafutia faini.

Ngoja sasa niungame kosa langu, juu sikukuja hapa kuhubiri.

Ule mama-muzee alikufa. Tulimuzika vizuri, shirika lilitoa mchango, munakumbuka. Nyumba yake ilibaki kwa mutoto wake mwanaume, ambaye alipita Zambia, akakaa mu kambi ya wakimbizi, na kutoka kule wakamupeleka Marekani, jimbo la Texas. Alinipigia simu akilia. Akasema: "Mama, lupango ya mama yangu iko mu mikono yako. Nitatuma kitu kila mvua juu ya majani." Nikasema ndiyo. Ningekataa na nini?

Mvua ya kwanza alituma. Mvua ya pili alituma. Mvua ya tatu, kimya. Nilingojea. Nilimupigia, simu haipiti. Nikaanza kuongea mu roho: huyu iko na dola, miye niko na mugongo. Huyu anakula nyama, miye nakata majani yake. Na kupekupe yangu ilikuwa inahitaji tupa ya kunoa, na tupa haikukuwa. Basi nikaacha. Sikusema kwa mutu, hata kwa kamati sikusema. Nilipita mbele ya ile lupango kila siku na kugeuza uso upande mwingine. Njia ya mulango wa ule mama aliyenikatia njia miaka tano, mimi niliiacha ikafungwa.

Ikafika mwezi wa nane. Munajua mwezi wa nane: kila kitu kimekauka na upepo hautulii. Watoto waliwasha moto kule nyuma, wanafukuza panya. Moto ukaingia mu yale majani marefu. Kutoka pale ukaruka mupaka kwenye jikoni ya jirani wa upande ule mwingine, mama mujane kama mimi. Paa la nyasi likaenda. Na ndani ya jikoni kulikuwa vitunga viwili vya samaki ya kukausha, mali yake yote ya kwenda nayo ku soko ya Bukama. Hakuna mutu aliungua, tunamushukuru Mungu. Lakini ule mama alisimama pale na majivu mu mikono, na hakunitukana. Aliniuliza tu: "Kumbe weye njo mwenye kuchunga hapa?"

Usiku ule sikulala. Nilijua watoto waliwasha moto, lakini kuni nilizipanga mimi.

Kisha miezi miwili, mutoto wa Texas alituma sauti ku simu. Sikutaka kuisikiliza, mwisho nikaisikiliza. Alisema hivi: "Mama, unisamehe. Nilivunjika muguu, nilikaa miezi minne bila kazi. Unajua kazi yangu ni gani? Ni kukata majani, mama! Njo kazi yenyewe. Asubui mupaka jioni nasukuma mashini ku malupango ya watu. Nakata majani ya watu wa hapa, na ya mama yangu inaota."

Nilicheka na nililia. Akanieleza namna iko kule. Kule nyumba isiyo na majani mbele yake njo nyumba ya haya. Majani yanatakiwa kuwako, lakini yawe mafupi, yawe sawasawa kama kitambaa. Muji uko na kipimo. Mufano muji mukubwa wa Dallas, kipimo ni inchi 12, karibu sentimita 30. Ukipitisha, jirani anapiga simu, muji unaleta barua, na kisha barua inakuja faini. Mutu anarudi kazini amechoka, siku yake ya kupumuzika anasukuma mashini, juu anaogopa jirani atasema nini nyuma ya dirisha.

Katibu wetu naye alitafuta ku simu, akapata habari ya Marekani ambayo nataka muikumbuke. Mwaka wa 2018, mwenye nyumba mumoja wa muji wa Dunedin, jimbo la Florida, alikwenda jimbo lingine kutengeneza mambo ya mama yake aliyekufa. Aliacha mutu wa kulipwa ili akate majani. Yule mutu naye akafa. Majani yakapita kipimo cha kule, inchi 10. Muji ukahesabu faini ya dola 500 kila siku, na mwenye nyumba anasema hakujua, mupaka ikafika karibu dola 30 000. Mwaka wa 2019 muji ukaamua kwamba unaweza kumunyanganya nyumba juu ya lile deni.

Niliposikia ile habari nilikaa chini. Kule wako na mashini, wako na sheria, wako na barua, wako na faini. Kitu kimoja kilikosekana: jirani mumoja wa kusema "mwenyewe haiko, ngoja nimukatie kidogo", ao hata wa kumupigia simu. Sisi hapa hatuna mashini na hatuna faini. Lakini tulikuwa na mama-muzee mwenye mugongo wa maumivu na kupekupe iliyoisha makali. Nikauliza mu roho: ni nani masikini hapa? Na tena nikajijibu: usijisifu, mama, hata weye uliacha majani ya watu yakaota.

Haya, njo deni langu. Sasa tuone la kufanya.

Jambo la kwanza, tuelewane tunakata namna gani. Ndani ya kamati tulibishana sana. Wazee wanasema tuparue yote na jembe mupaka udongo uonekane. Tulimuita infirmiye wa kituo cha afya, akatuuliza: "Munaparua juu ya nini?" Tukajibu: "Juu ya mbu." Akatikisa kichwa. Akatueleza kama mbu mwenye kuleta malaria hazaliwi mu majani, anazaliwa mu maji. Tena anapenda maji madogo yenye kupigwa na jua: shimo tulilochimba udongo wa matofali, alama ya muguu wa ngombe, kibonde ambacho jembe linaacha tukiparua. Majani marefu yanamupa mahali pa kupumuzika muchana, ni kweli. Lakini mutu anayekata majani yote na kuacha shimo la matofali limejaa maji, amefukuza panya na kufuga mbu. Na hata ukikata namna gani, usiku ulale mu chandarua. Majani hayachukui nafasi ya chandarua.

Tena muangalie nyumba zetu za matofali mabichi. Kuko nyumba ambayo zamani mulango wake ulikuwa sawasawa na udongo, na leo watoto wanapanda juu ya jiwe ili waingie. Nyumba haikupanda! Ni udongo ulishuka. Kila mwaka tunauparua, mvua inakuja, haukute muzizi wa kuushika, inaubeba mupaka ku ziwa. Siku moja musingi unabaki inje kama meno ya muzee, na ukuta unaanguka.

Kwa hiyo kamati inasema hivi. Hatua mbili ao tatu kuzunguka nyumba, tufagie jinsi bibi zetu walifagia, nyoka asipate pa kujificha. Kutoka pale mupaka mwisho wa lupango, tukate na kupekupe, tusiparue. Majani yabaki mafupi, chini ya kifundo cha muguu, na mizizi ikae mu udongo. Pale maji ya mvua yanapita, tupande mustari wa sitroneli. Inashika udongo vizuri, na majani yake tunakunywa asubui. Mashimo ya matofali, tuyafukie ao tuyapasulie njia ya maji. Wazee, musikasirike. Lupango yenye majani mafupi haiko lupango ya muvivu. Muvivu ni mwenye kuacha yanafika kwa dirisha.

Jambo la pili ni malupango ya wenye hawako. Kila mwanachama anayekaa mbali ataje mutu. Jina la mutu, batata! Tusiandike tena mu daftari "ndugu watafanya". Ndugu wote, ni kusema hakuna mumoja. Ataje mutu, na yule mutu akubali mbele ya kamati. Waelewane mbele atapewa nini: pesa, ao kitambaa, ao kumulipia mutoto masomo mwezi mumoja, ao kulima katikati ya ile lupango na kula mihogo yake. Kukata kuwe mara tatu: mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa tatu, na mwisho wa mwezi wa tano, mbele ya wakati wa moto. Ile ya mwezi wa tano, hakuna mutu wa kuiruka. Mumeona mwenyewe sababu.

Na kama mwenye kuwa mbali hana kitu cha kutuma mwaka ule, aseme. Sauti ya dakika moja ku simu inatosha: "Mwaka huu sina." Aliyevunjika muguu hatumulaumu, ila tujue amevunjika. Na mwenye kukata, akichoka ao akikasirika, naye aseme. Aje kwa kamati, apige kelele, alie, lakini asigeuze uso kama nilivyogeuza mimi. Siku ile ataacha, kamati itakata vitu viwili tu kwa kazi ya wote: njia ya kufika mulangoni, na mustari wa hatua tatu kwenye mipaka ili moto usiruke. Si lupango yote. Njia, na mustari wa moto.

Jambo la tatu, wale wa mbali wanaogopa kulisema, mimi nitawasemea. Wanaogopa hivi: "Nikimupa mutu akate miaka mingi, kesho atasema lupango ni yake." Woga ule haukutoka hewani, tumeona mambo. Kwa hiyo tuandike wazi mu daftari, na shefu aweke mukono: kukata majani ya mutu ni kumuchungia, si kumurithi. Mwenye kulima mihogo pale anakula mihogo, hali udongo. Na kwa upande mwingine, wenye kuwa mbali, musitumie daftari ile kama ngao ya kulala. Mutu akiwachungia miaka mingi na hamumupe hata salamu, daftari haitaponyesha roho yake.

Neno dogo kwa wafazili wetu, ambao watasoma haya. Mumoja wenu aliuliza, kwa moyo muzuri, kama atume mashini ya kukata majani, ile ya kusukuma yenye moteri. Tunamushukuru sana. Lakini malupango yetu yamejaa vipande vya matofali, mizizi ya maembe, mifupa ya samaki na mawe ya jiko. Chuma kile kitavunjika juma la kwanza. Mafuta yake yatatoka Bukama na mutumbwi, na siku kipuri kinakosa, mashini itakuwa kiti cha kuku. Kama munataka kutusaidia, mutusaidie na kupekupe, na tupa za kunoa, na bote za kukinga miguu na nyoka, na buruweti mbili za kubeba udongo wa kufukia mashimo. Zitakaa kwa katibu, kila mutu ataazima na kuandika jina. Na zaidi ya vile vitu, simu yenye unite kila mwezi, ili tuwafikie wenye malupango. Nilidanganyika na kimya cha mutu mumoja, na ile kimya ilikula samaki vitunga viwili.

Juu ya ule mama mujane: mutoto wa Texas, muguu wake ulipopona, alituma kitu ili nusu ya samaki irudi. Nusu nyingine nalipa mimi, kidogo kidogo, kila nikirudi soko. Paa la jikoni tulilifunika pamoja, mimi na yeye, na wanawe wawili. Bado hajacheka na mimi jinsi alicheka zamani. Simulazimishe. Lakini juma lililopita aliazima kupekupe yangu, na akanirudishia imenolewa.

Ninamaliza. Mwezi wa tano unakaribia. Siku ya posho ijayo, asubui mapema mbele jua halijakuwa kali, nitakuwa kwenye lupango ya mama-muzee. Nitaanza kwenye lupango yangu na kukata kuelekea mulango wake, njia ileile, lakini mara hii natoka upande wangu. Kisha njia, tutakata mustari wa moto. Kisha mustari, tutaangalia nguvu imebaki gani. Tukimaliza, kutakuwa bukari na samaki kwangu.

Mwenye iko na kupekupe, aje nayo. Mwenye hana, aje na fagio. Na mwenye iko mbali, mwenye anasoma haya mu karatasi ao ku simu, atume jina la mutu wake kwa katibu mbele ya mwisho wa mwezi.